Mfarishi wa Viraka: Taazia Isiyokwisha Siku ya Tatu

Hapana watu wanaojua kuijaza nyumba ya msiba kama sisi wa pwani. Mtu akifariki Mombasa, Lamu, Malindi au Vanga, sanda haijakatwa bado lakini baraza imekwisha kujaa. Mikeka hutandikwa hadi njiani, maji huletwa na watu wasioitwa, wanaume huenda makaburini, na wanawake hukaa ndani na wafiwa wakisoma na kulia pamoja nao. Siku ya tatu hitima husomwa, watu hula, hutoa ubani, hupeana mikono, na kila mmoja hurudi kwake. Siku ya nne, katika nyumba hiyo hiyo, husikika saa ya ukutani tu. Mjane ambaye kwa siku tatu hakupata hata nafasi ya kulia peke yake, sasa anayo nafasi hiyo usiku kucha, na mbele yake ana eda ya miezi minne na siku kumi.

Siwalaumu watu kwa kuondoka. Sharia yenyewe imeweka siku tatu za kuomboleza kwa asiyekuwa mjane, na kila mtu ana kazi yake. Ninalouliza ni hili: ni kitu gani chetu kinachobaki ndani ya nyumba ile baada ya viatu vyetu kuondoka mlangoni? Pesa za ubani hulipa deni la duka. Pilau huliwa ikaisha. Na yale maneno mazuri tuliyoyasema, aghalabu mfiwa hakuyasikia, maana siku ile masikio yake hayakuwa yake.

Ndiyo sababu leo nataka kuzungumza juu ya mfarishi. Wazee wanalijua neno hili. Vijana nitawakumbusha kwamba mfarishi ni tandiko la kujifunika au la kulalia, lenye tabaka mbili au tatu za nguo zilizoshonwa pamoja kwa mishono mingi midogo ili zisiachane. Mfarishi wa viraka ni ule ambao uso wake umeunganishwa kwa vipande vya nguo mbalimbali. Katika nchi kadhaa za ng'ambo wako watu, wengi wao wanawake, ambao hukusanyika kwa hiari yao, bila malipo, wakashona mfarishi wa namna hiyo na kuupeleka kwa waliofiwa. Mara nyingi hawamjui marehemu wala jamaa zake.

Mfano ulio karibu nasi kwa dini, ijapokuwa si kwa mahali, ni wa London. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, katikati ya mwezi wa Ramadhani, moto uliwaka katika jumba la Grenfell lenye ghorofa 24. Watu 72 walikufa. Wengi kati yao walikuwa Waislamu, watu waliotoka Morocco, Sudan, Eritrea, Ethiopia, Syria, Lebanon na kwingineko, na baadhi ya waliookoka waligongewa milango na jirani waliokuwa macho kwa ajili ya Ramadhani. Uchunguzi rasmi, uliotoa ripoti yake ya mwisho Septemba 2024, ulisema kwamba vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Hilo ni jambo la serikali na la wenye viwanda, na wenyewe wanalifuatilia. Mimi naangalia yaliyofanywa na watu wa kawaida. Katika kituo cha Kiislamu cha Al-Manaar, kilicho katika mtaa ule ule, wanawake waliopotelewa na nyumba zao waliomba jiko wapikie jamaa zao na jirani zao, na mapishi yao yakaja kutolewa kitabu mwaka 2018. Na washonaji wa kujitolea, waliosikia habari za moto ule kwenye redio kama walivyosikia watu wengine, walishona mifarishi majumbani mwao wakaituma London kwa waliookoka na waliofiwa. Baadaye watu wa mtaa wenyewe nao wakaanza kushona nguo moja kubwa ya kumbukumbu, kipande kwa kipande.

Mtu atauliza, mfarishi utamfaa nini aliyeunguliwa na mwanawe? Kumrudisha hautamrudisha, na hakuna mshonaji aliyesema hivyo. Lakini ufikirie mfarishi wenyewe ulivyo. Blanketi la dukani lina mishono ya mashine, yote sawasawa, na mfiwa hujifunika akalisahau. Mfarishi ulioshonwa na watu kumi huonekana kuwa ni wa watu kumi. Hapa mishono ni midogo na imenyooka kama mstari wa msahafu. Pale ni mipana na inapinda, labda mikono ilikuwa ya mzee au ya msichana anayejifunza. Mfiwa aliye peke yake saa nane za usiku huipapasa mishono hiyo kwa kidole. Anajua, bila kuambiwa, kwamba kuna watu waliokaa chini siku nyingi wakiwa na msiba wake mikononi.

Huko Marekani, tangu mwaka 1995, kiko chama kiitwacho Project Linus ambacho wanachama wake hushona na kufuma mablanketi ya watoto wagonjwa na watoto waliopatwa na msiba. Jina wamelitoa katika katuni za magazeti, kwa mtoto mmoja asiyeachana na blanketi lake. Kazi yao si ya fahari, na labda kwa sababu hiyo naipenda. Inayojulikana zaidi duniani ni ile iliyoanzia San Francisco mwaka 1987, wakati ukimwi ulipokuwa ukiua vijana na baadhi ya familia zikiona haya hata kuwazika. Bwana mmoja, Cleve Jones, na wenziwe walianza kushona vipande vya futi 3 kwa futi 6, yaani kiasi cha kaburi, kila kimoja kwa marehemu wake. Tarehe 11 Oktoba mwaka ule ule vilitandazwa Washington vipande 1,920. Leo vinakaribia 50,000, na uzito wake wote ni tani 54.

Mimi, nikiulizwa, nauona mfarishi wa kitandani kuwa na kazi kubwa kuliko ule wa uwanjani. Ule wa uwanjani unawaambia watu wengine kwamba fulani alikuwako, na huu unamfunika aliyebaki. Hata hivyo siudharau ule wa kwanza, kwa kuwa sisi pia tunayo misiba isiyo na kaburi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipozama Mtongwe, hapa hapa Mombasa, walikufa watu 272. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikaondoka na mamia ya watu, na wengi hawakuonekana tena. Mtu aliyezikwa na bahari hana kichwa cha kaburi pa kusimama jamaa yake na kumsomea Yasini. Kitu cha kushikwa mkononi, hata kikiwa kidogo, katika nyumba kama hiyo si mchezo.

Najua watakaosema kwamba haya ni mambo ya Kizungu, tuwaachie wenyewe. Wanaosema hivyo hawakuitazama leso waliyojifunga wake zao. Leso hii tunayoinunua leo doti nzima katika Mtaa wa Biashara ilianza kwa kuunganishwa. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa vya kupangusia uso, vile ambavyo Wareno waliviita lenço, vilivyouzwa kwa pande refu. Wakavikata, wakavipanga vitatu juu na vitatu chini, wakavishona vikawa nguo moja ya kujifunga. Vazi tunalojivunia mbele ya wageni lilizaliwa kwa sindano ya mwanamke aliyeunganisha vipande. Na mkeka je? Bibi zetu walisuka ukili mmoja mmoja, kila mmoja barazani kwake, kisha kili zikashonwa pamoja zikawa mkeka mpana. Mkeka wenye rangi tatu za kili ni nini kama si viraka vilivyopangwa kwa akili?

Tena wako ndugu zetu ambao hatuwataji kamwe. Ng'ambo ya bahari, katika misitu ya Karnataka huko India, wanaishi Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika. Wazee wao walivushwa bahari hii kama watumwa na askari, wengi kwa njia ya Goa iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Baadhi yao ni Waislamu, baadhi Wahindu, baadhi Wakristo. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi, na namna yao ya kushona ni ya pekee. Hutandaza sari kuukuu iwe tabaka ya chini, kisha huanza pembeni kubandika vipande vya nguo zilizochakaa, wakizunguka ukingo wote kwa mshono wa bandi wa uzi mnene, mzunguko baada ya mzunguko, hadi wanakutana katikati. Pamba hawatii. Mara nyingine mwanamke wa Kiislamu hutia umbo la mwezi mwandamo, na wa Kikristo msalaba. Pembe nne lazima zitiwe vitambaa vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, maana yake ua, na mfarishi usio na maua hayo kwao ni kama mtu aliyetoka nje bila nguo. Basi kama damu ya Afrika iliyopelekwa India kwa nguvu imeweza kuihifadhi kazi hii kwa matambara, nasi hatuwezi kusema kwamba haituhusu.

Kizuizi kikubwa zaidi ya Uzungu, kwa maoni yangu, ni aibu. Kwetu kiraka ni dalili ya unyonge. Mwanamke wa pwani anaweza kulala na njaa lakini hatatoka na nguo yenye kiraka, na ukimpelekea mfiwa kitu cha viraka yuko shangazi atakayenong'ona jikoni, "Wameleta matambara." Shangazi huyo hatumwezi. Lakini tunaweza kukumbushana kwamba Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akishona nguo yake kwa mkono wake na kutengeneza viatu vyake, na kwamba habari za viraka katika nguo ya Sayyidna Umar, mtawala wa nchi zote zile, tumezisikia tangu chuoni. Pia kuna tofauti baina ya kiraka kinachoziba tundu na vipande vilivyochaguliwa rangi kwa rangi. Kazi ikifanywa kwa unadhifu, macho yenyewe yatajua.

Sasa nifike mahali pagumu, na hapa nawaomba wasomaji wasome taratibu. Ng'ambo, mifarishi mingi ya wafiwa hushonwa kwa nguo za marehemu mwenyewe: shati lake, kanzu yake, gauni alilovaa harusini. Hapo ndipo kitu kinapopata nguvu yake, na hapo ndipo Muislamu anapotakiwa kusimama kidogo. Nguo za marehemu si za anayezililia zaidi. Roho ikitoka, kila alichokuwa nacho, hata kikoi, ni mali ya kulipiwa mazishi, madeni na wasia, na kinachobaki ni cha warithi. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni. Wakiwamo mayatima wadogo, fungu lao haligawiwi kwa huruma ya mtu mwingine, na sote twaijua aya inayowatisha wanaokula mali ya yatima. Kwa hiyo jirani mwema anayeingia chumbani na mkasi siku ya tano, hata kama nia yake ni safi, huenda anakata kisichokuwa chake.

Hii haina maana kwamba nguo hizo haziguswi milele. Warithi watu wazima waulizwe, na wakiridhia wametoa chao. Fungu la watoto, nionavyo mimi, laweza kurudi kwao wenyewe likiwa limeshonwa, yaani kanzu za baba yao ziwe mfarishi wa kitanda chao. Jambo hili kadhi au sheikh wa mtaa ataliamua kwa muda mfupi kuliko tunavyochukua kubishana. Pasipo ridhaa, zitumike nguo za majirani: kila nyumba iliyompenda marehemu itoe leso moja au shati moja. Wala sidhani kwamba taazia ya namna hii ni ndogo. Mjane ataitambua leso ya jirani yake wa mlango wa pili, hata jina lake atalikumbuka.

Nimesikia pia hoja kwamba mjane aliye edani haruhusiwi pambo, na mfarishi wa rangi rangi ni pambo. Hapa wanavyuoni wetu wa Kishafii wametangulia kutujibu. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kisichokosekana katika vyuo vyetu, imeelezwa kwamba kukatazwa kule ni kwa mwili na mavazi yake, na kwamba kupamba matandiko na vyombo vya nyumba kunafaa. Mfarishi ni tandiko. Linalotakiwa kuepukwa ni lingine: kutia picha ya marehemu juu yake, kama wafanyavyo wengine siku hizi kwa nguo zilizopigwa chapa, na kuandika aya au jina la Mwenyezi Mungu juu ya kitu kitakachokaliwa na kukanyagwa na watoto. Leso zenye maneno ya namna hiyo zichaguliwe mapema ziwekwe kando. Majina mengine ya leso nayo yaangaliwe. Sitaki kufikiria mfarishi wa taazia wenye kipande cha fumbo la mke mwenza.

Na joto? Nani anataka blanketi Mombasa mwezi wa Februari? Hakuna. Ndiyo maana nawapendelea Wasidi kuliko Wamarekani katika ufundi huu. Tusitie pamba. Tabaka mbili za leso na bafta zinatosha kwa usiku wa Kusi, na wakati wa Kaskazi mfarishi utatandikwa chini ya mtu badala ya juu yake. Vipande vya shubiri moja, vilivyopangwa saba kwa tisa, vinatoa karibu mita moja na nusu kwa mbili, kiasi cha kitanda cha mtu mmoja. Hivyo ni vipande 63, na wanawake tisa wakigawana, kila mmoja ana saba tu. Nguo zote zioshwe kwanza, tena leso nyekundu zioshwe mara mbili au tatu, maana zikitoa rangi baadaye zimeiharibu kazi ya watu wanane wengine. Ushonaji wa kuunganisha waweza kufanywa kwa cherehani, lakini bandi ya juu ipigwe kwa mkono. Mtu asione haya kuvaa subana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mfarishi unatusaidia kulisema. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, Mtume (S.A.W.) aliwaagiza watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi tumeligeuza. Leo mfiwa ndiye anayetafuta gunia la mchele na mbuzi, wakati mwingine kwa kukopa, ili awalishe waliokuja kumliwaza, na asipofanya husemwa. Wenye kutaka kuliacha jambo hili husema hawana la kuweka mahali pake, maana watu hawawezi kukaa bure. Nasema wana la kuweka. Wale akina mama wanaobaki nyumbani jioni ya pili na ya tatu, mikono yao ikiwa haina kazi tena baada ya masufuria, wapewe sindano. Mdomo unaofuatisha mshono husoma nyiradi vizuri zaidi kuliko unaofuatisha habari za watu. Watakuwa wameanza kazi ndani ya msiba, na kuimaliza majumbani mwao baada ya wiki sita au nane.

Na hapo, katika wiki ya sita au ya nane, ndipo upelekwe. Wasiende watu ishirini wala pasiwe na hotuba, na simu za kupigia picha zibaki nyumbani. Wende wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, baada ya alasiri, wakae kidogo, waukunjue waonyeshe ni nani alishona wapi, wanywe chai watakayopewa, waondoke.

Vyama vya akina mama vya kuchangiana pesa viko kila mtaa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, na vingi vina cherehani moja au mbili zinazokaa bila kazi baada ya shule kufunguliwa na sare kushonwa. Vipande navyo haviuzwi. Nimewauliza mafundi wawili wa mji wa kale wanafanya nini na mabaki ya leso na kanzu, wakanionyesha kapu lililojaa pomoni karibu na mlango. Wote wawili walinijibu kwamba jioni hutupwa, na kwamba anayetaka na aje na mfuko kabla ya magharibi.